Kauboi, Farasi na Mtani wa Baba

Homa iliyomlaza baba miezi miwili ilipomwachia, ilikuwa imechukua masikio yake yote mawili. Useremala haukumshinda, mikono yake ilijua kazi. Kilichokwisha ni maneno. Jumapili moja kanisani alimnong'oneza jirani yake, lakini sauti ikatoka kubwa kuliko ya padre, na watu wakageuka. Tangu siku ile hakufungua mdomo tena, hata nyumbani kwetu Ilembo.

Mwaka ule, 1954, nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu. Jumatatu lori lingenipeleka Kibaoni kuanza kazi. Shangazi Kalista angempikia baba, lakini sikujua nani angemtoa kwenye kimya kile.

Mzee Kasimu, mtani wake, alikuwa bado anakuja kila Ijumaa akitoka msikitini, kumtukana kama zamani.

"Dionizi, mbao zako zimepinda kama miguu yako," alisema, akimwonyesha miguu.

Baba alitabasamu kidogo, akarudi kwenye randa yake.

"Mwanangu Lusia," Kasimu aliniambia mlangoni siku hiyo, "mtani asiponijibu naona kama natukana kaburi."

Kesho yake, saa tisa mchana, misheni ilikuwa inaonyesha sinema za zamani za kauboi, fupi fupi, zisizo na sauti. Niliandika kwenye kibao changu cha chokaa: *Picha hazisemi. Twende.* Baba alisoma mara mbili, akaenda kutafuta koti.

Madirisha ya ukumbi yalikuwa yamezibwa kwa mablanketi. Tulikaa benchi la tatu, Kasimu nyuma yetu. Karani Ponsian alisimama kando ya shuka jeupe ili atusomee maandishi ya Kiingereza. Ponsian alipenda sana kueleza. Kauboi mrefu, mwenye kofia kubwa kama ungo, alirukia farasi kwa upande huu akaangukia upande wa pili, ndani ya pipa la maji. Ponsian bado alikuwa anasema, "Sasa, ndugu zangu, bwana huyu anakusudia kupanda."

"Ameshalowa huyo," mwanamke mmoja alimwambia.

Baba hakuwa na haja ya kumsubiri Ponsian. Alikwisha kucheka zamani, peke yake, mabega yakimtikisika.

Picha ya pili, kauboi ni yule yule. Alirusha kamba amnase ng'ombe, ikamfunga miguu yake mwenyewe, na ng'ombe akamburuta vumbini. Farasi wake alisimama tu, anatafuna ile kofia. Baba akageuka nyuma, akasema kwa sauti iliyojaza ukumbi:

"Kasimu, hawa walikupiga picha lini?"

Ukumbi mzima uligeuka. Nilishika ukingo wa benchi. Baba aliziona zile nyuso, na mdomo wake ukaanza kufungika, kama kanisani.

Kasimu akasimama. Mwanga wa mashine ya sinema ulimpiga, kivuli chake kikaangukia kwenye shuka karibu na kauboi. Alimnyooshea kidole ng'ombe, akamnyooshea baba, kisha akaweka vidole viwili kichwani kama pembe.

Baba alimtazama kidogo.

"Sawa, mimi ng'ombe," akasema. "Lakini anayeburutwa ni nani?"

Hapo watu walicheka mpaka mabenchi yakalia. Kasimu alikaa, anafuta macho kwa kanzu. Ponsian naye akatafuta kiti, na picha ya tatu hakuna aliyemwomba aieleze.

Tuliporudi wao walitangulia, wakitukanana, mmoja kwa mikono na mwingine kwa sauti ya kufukuza ndege shambani. Mimi nilifuata nyuma na kibao changu. Sikuwa nimeandika kitu kingine.

Mlangoni baba akaniuliza, "Lori Jumatatu saa ngapi?"

Ilikuwa miezi minne sijaulizwa neno na baba yangu. Nikainua vidole viwili.

"Saa mbili. Basi Kasimu atabeba sanduku lako. Akili hana, lakini mgongo anao."

Majirani wote walisikia. Nilikaa pale kizingitini nikacheka, na ndipo nilipojua kwamba Jumatatu nitaweza kupanda lile lori.