Amri za Daktari

Kwa miezi minne fundi cherehani alikuwa mkalimani wa mumewe kwenye kliniki ya presha, na ukalimani wake ulikuwa na nakshi. Daktari akisema mgonjwa apunguze chumvi, mke alimgeukia mumewe na kusema, "Anasema upunguze chumvi, na vyombo vya jioni uoshe wewe. Mikono ikifanya kazi, damu inatembea." Daktari akiagiza matembezi ya nusu saa, mume aliambiwa aende mpaka sokoni na arudi na kapu. Mume, seremala mstaafu, hakujua hata neno moja la lugha ya daktari. Mkewe alikuwa ameiokota kwa wateja wake.

Seremala alitii yote. Mke hakuamini bahati yake.

Siku moja wakakuta kishikwambi mezani kwa daktari. "Mama, leo pumzika," daktari alisema. "Hiki kinaongea lugha yenu. Nataka mzee anielewe mwenyewe."

"Wala sijachoka, daktari."

Mke aliogopa. Vyombo havikumtisha, angeviosha mwenyewe mpaka kufa. Ila alimjua mumewe: akikuta msumari mmoja umepinda, anabomoa kabati zima. Akigundua amri moja ni ya kubuni, na vidonge atavitupa dirishani. Na presha yenyewe, siku ya kwanza, ilimfanya nesi apime mara tatu.

Daktari akabonyeza. Kishikwambi kikatangaza kama redio: "Presha imeshuka vizuri. Endelea na vidonge, chumvi kidogo, na matembezi."

Seremala alisubiri. "Na vyombo?"

Daktari alisikiliza tafsiri, akakunja uso. "Vyombo gani?"

"Vya jioni. Na kapu la sokoni. Na kutomjibu mama mkwe."

"Hayo sikuyasema mimi," daktari alisema, na kile kidude kisicho na haya kikayarudisha neno kwa neno.

Mke alitazama viatu vyake. "Vidonge ni vya daktari kweli," alisema kwa sauti ndogo. "Chumvi na kutembea pia. Mengine ni yangu. Nilikuwa nimechoka, mume wangu. Usiache dawa kwa ajili yangu."

Seremala alijikuna kidevu. Kisha akakiinamia kishikwambi na kukisemesha polepole, kama anaongea na kiziwi. "Mwambie daktari ayaandike. Yote. Apige na muhuri."

Daktari akauliza kwa nini.

"Kijiweni nimeshawaambia ni amri ya hospitali. Wakijua ni ya mke wangu, itabidi nihame mtaa." Akafikiri kidogo. "Na aandike kwamba nikiosha, mke wangu akae hapo jikoni. Peke yangu sipendi."

Kishikwambi kikalitangaza na hilo, mlango ukiwa wazi na foleni nzima ikisikia. Mke alikuwa amelielewa kabla ya tafsiri. Alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, na daktari akainuka kwenda kutafuta muhuri.