Shangazi wa Ukurasa wa Kwanza

Simu ilimkuta mkaguzi amesimama juu ya kizimba cha lifti, ghorofa ya saba, tochi mdomoni na mikono imejaa grisi. Hakuwa na kawaida ya kupokea simu akiwa ndani ya shimo la lifti, na mafundi wote walilijua hilo. Lakini jina lililowaka kwenye kioo lilikuwa la shangazi yake, dada wa marehemu baba, ambaye hakuwa amempigia kwa miaka kumi na mmoja. Akadhani kuna msiba, akaitema tochi, akapokea.

Msiba haukuwepo. Shangazi alikuwa analia kwa furaha. Alikuwa ameona kwenye kundi la familia picha ya ukurasa wa kwanza wa kitabu alichoandika mkaguzi, akausoma mara tatu, akawasomea na majirani. Watu walikuwa wamemsema sana miaka yote hiyo, alisema, lakini sasa ukweli umeandikwa na mtoto mwenyewe. Jumamosi kwenye uzinduzi atakuja, nguo imeshashonwa, na wamwekee kiti cha mbele.

"Nilijua hukuniwekea kinyongo, mwanangu," alisema, akakata simu.

Mkaguzi aliteremka hadi kwenye gari lake. Kazi yake ilikuwa kukagua lifti, leo mji huu, keshokutwa mwingine, na mafundi walimwita Mama Lifti, wakati mwingine kwa mapenzi, mara nyingi kwa kero. Kero ilitokana na sharti lake moja: hatii sahihi cheti cha lifti ambayo hajaipanda mwenyewe kutoka chini hadi juu na kurudi. Wenye majengo walimbembeleza, wakanuna, wakampigia wakubwa wake, naye hakusogea hata inchi. Katikati ya safari hizo, kwenye viti vya viwanja vya ndege na vitanda vya hoteli, alikuwa ameandika kitabu kwa miaka sita.

Kitabu hicho kilimhusu mama mdogo. Mama yake mkaguzi alifariki mapema, baba akamfuata, na kabla hata matanga hayajaisha shangazi alibadilisha kitasa cha mlango wa nyumba yao, akaifanya yake, akamtoa mtoto wa miaka minane nje pamoja na godoro lake. Aliyekuja kumchukua alikuwa mama mdogo, kitinda mimba wa upande wa mama, msichana wa miaka kumi na tisa. Alilitia lile godoro kichwani, akatembea nalo mitaa minne bila kusema neno. Kisha akafua mashuka ya hospitali miaka kumi na sita, mpaka kucha zikalegea, ili mtoto asome.

Boksi la vitabu lilikuwa nyuma ya gari lake tangu Jumatatu. Hakuwa amepata nafasi ya kulifungua. Alilichana sasa kwa bisibisi, palepale kwenye maegesho, akafunua kitabu cha juu.

*Kwa shangazi, aliyenibeba mimi na godoro langu.*

Akafunua ndani. Shangazi amefua mashuka. Shangazi ameuza cherehani yake. Ukurasa wa kumi na moja uliandika, bila haya, kwamba shangazi alikuwa mdogo wake mama wa mwisho. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakaziba, akaendesha gari hadi kwa mchapishaji bila kunawa mikono.

Mhariri alikuwa kijana nadhifu mwenye sauti ya upole, na upole huo ndio uliozidi kumchefua. Alieleza kwamba "mama mdogo" lingemchanganya msomaji. Wengine wangedhani ni mama wa kambo, mke mdogo wa baba. Wakaona wasanifishe, na kompyuta ikabadilisha yote mara moja, sehemu mia mbili na kumi na nne.

"Shangazi anawezaje kuwa mdogo wake mama?" aliuliza mkaguzi. "Wewe kwenu yupo shangazi wa hivyo?"

Mhariri alikiri kwamba hapo paliwapita.

Mkaguzi akampa vidonge vyake. Alimwambia kwamba amemvika mwizi kilemba, tena kilemba cha mtu mwingine aliye hai. Alimwambia kwamba mtu habadilishi majina ya watu kwa kuwa tu kompyuta inaweza. Aligonga meza, na alama ya grisi ikabaki juu ya karatasi nyeupe. Mhariri alisubiri amalize, kisha akafungua faili taratibu na kumsogezea ukurasa mmoja.

Ilikuwa fomu ya nakala ya mwisho. *Nimesoma yote, nimeridhika.* Chini yake ilikuwa sahihi yake, ile anayoitia kwenye vyeti, na tarehe. Aliikumbuka siku hiyo. Alikuwa kwenye foleni ya kupanda ndege, ametoka mji mmoja anawahi mwingine, na aliisaini fomu ile juu ya mgongo wa begi lake. Kurasa zenyewe hazikuwahi kutoka ndani ya bahasha.

Mhariri alisema, bado kwa upole, kwamba vitabu vimeshasambazwa, ila toleo la pili likija watarekebisha. Mkaguzi alitoka bila kuaga, na njiani hasira yote aliyokuwa amemwagia yule kijana ilikuwa imekaa naye kwenye gari, ikimtazama.

Alitaka amfikie mama mdogo kabla ya kitabu. Alichelewa. Nakala ilikuwa mezani, imeletwa na jirani, na mama mdogo alikuwa ameiinamia na miwani puani, kalamu mkononi.

"Shikamoo, mama."

Mama mdogo hakuitikia. Tangu aletwe na godoro lake, mkaguzi hakuwahi kunyimwa marahaba katika nyumba ile. Akabaki amesimama mlangoni.

Alipokaribia aliona kazi iliyokuwa ikifanyika. Kila penye *shangazi* palikuwa pamepigwa mstari, na juu yake, kwa mwandiko wa mtu aliyeacha shule darasa la sita, pameandikwa *mama mdogo*. Mwandiko ulianza mkubwa na wa hasira, ukawa unapungua kadiri vidole vilivyochoka. Alikuwa amefika ukurasa wa arobaini na nne.

Mkaguzi alianza kueleza habari za mhariri na kompyuta. Mama mdogo aliinua kichwa.

"Wewe ulisoma kabla hawajachapa?"

"Sikusoma, mama."

"Lifti mia ngapi umepanda mwaka huu?"

Mama mdogo alimsogezea kitabu na kalamu.

"Vidole vyangu vimekufa ganzi. Endelea hapo. Na usiruke hata moja."

Akakaa. Akapiga mistari, akaandika, ukurasa kwa ukurasa, akisoma kwa sauti, maana mama mdogo alitaka kusikia kila sentensi. Grisi ya vidole vyake ilibaki pembezoni mwa karatasi. Baada ya muda mkono uliizoea kazi, ukawa unapiga mstari hata kabla ya macho kusoma. Walipofika ukurasa wa sitini na tatu, kwenye kitasa kipya na godoro lililotupwa uani, mkono ulikuwa umeshatua juu ya neno lile. Mama mdogo aliudaka.

"Hilo liache," alisema. "Hilo ni lake."

Simu ikaita. Ilikuwa shangazi, kitabu chenyewe ameshakipata, anataka kujua Jumamosi wanaanza saa ngapi, na kama atapewa nafasi aseme maneno mawili matatu. Mkaguzi alikitazama kitabu kilichofunuka mbele yake.

"Umefika ukurasa wa sitini na tatu, shangazi?"

Upande wa pili pakasikika karatasi zikifunuliwa, moja baada ya nyingine, bila haraka. Mkaguzi aliiweka simu mezani, ikiwa hewani, akaishika tena kalamu.

"Marahaba," alisema mama mdogo, akavua miwani na kuifuta.