Jezi Iliyotundikwa Salzrode

Usiniambie ni upepo. Upepo wa ziwa naujua tangu sijaota meno, na upepo haudundi. Mwanangu Collins alikuwa anarusha mpira kwenye jiwe kubwa nyuma ya nyumba yetu hapa mlimani Bugarika, kila siku saa kumi alasiri, tangu yuko darasa la tano mpaka siku alipopanda ndege. Du, anaudaka. Du, anaudaka. Miezi miwili baada ya kumzika nikaisikia tena sauti ile, saa kumi ileile. Nikazunguka nyuma na mwiko mkononi, nikidhani ni watoto wa jirani, niwatandike. Hapakuwa na mtu. Jiwe lilikuwa peke yake, na mdundo uliendelea mbele ya macho yangu.

Nitasema kweli, maana nimechoka kuficha. Sikuogopa. Nilifurahi. Nilivuta kigoda nikakaa nikamsikiliza mwanangu. Kesho yake nikatenga chai, vikombe viwili. Kule sokoni Mwaloni ninakouza dagaa wakaanza kuninong'ona: huyu Mama Collins, saa tisa tu anafunika meza anakimbia, kapata bwana nini? Nikawaambia ndiyo, nimepata, na nyie tafuteni wenu.

Collins alicheza mpira wa mikono. Siyo huu wa miguu ambao kila mtu anaujua. Ni ule wa kurusha golini kwa mkono, watu saba kila upande, unaochezwa mashuleni na mtu akimaliza shule anausahau. Mwalimu wake, Kashindye, aliwahi kusomea ukocha Ujerumani miezi minane, akarudi na koti zito na Kijerumani cha kutosha. Huyo ndiye aliyempiga video akirusha kwa mkono wake wa kushoto, akaituma huko. Wakamwita. Klabu ya mji unaoitwa Salzrode, wachezaji wa kulipwa, ukumbi wa watu elfu saba.

Alikuwa akinipigia simu ananisimulia habari za klabu hiyo utadhani ni ukoo wake. Ilianzishwa na wachemsha chumvi, zaidi ya miaka mia iliyopita, watu waliokuwa wanasimama siku nzima kwenye masufuria ya maji ya chumvi, na jioni wakacheza ili migongo inyooke. Ndiyo maana jezi zao ni nyeupe. Nikamwambia, basi mwanangu umefika nyumbani, mama yako naye ni chumvi na dagaa tu maisha yake yote. Alicheka mpaka simu ikakatika.

Alikaa huko miaka mitatu. Mwaka juzi, mwezi wa pili, akaanguka mazoezini. Moyo. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Walimleta kwenye sanduku zuri kuliko kabati langu la vyombo, tukamzika kwao Shirati, kando ya baba yake.

Halafu ikaja barua. Kashindye aliisoma kwanza yeye mwenyewe, akavua miwani, akaipangusa. "Mama Collins, wanaomba ruhusa yako. Wanataka kuipandisha jezi yake, namba kumi na nne, kwenye paa la ukumbi. Itakaa pale milele. Hataivaa mtu mwingine yeyote. Hii ni heshima kubwa kuliko zote walizo nazo."

Nikatia saini. Nani asingetia? Wakatuma video. Watu wamesimama, Wazungu wazima wanafuta machozi, na jezi ya mwanangu inavutwa kwa kamba, inapanda, inapanda, mpaka inafika kwenye taa. Mwaloni nzima niliwaonyesha. Nilijivuna, sikatai.

Mtu mmoja tu hakupiga makofi: mama mkwe wangu, bibi Akelo, nilipomfuata kule Shirati. Aliitazama simu, akageuza uso, akaniita kwa jina langu la nyumbani.

"Adoyo, nguo hiyo kaivaa nani?"

"Hakuna, mama. Ndiyo heshima yenyewe."

"Nguo ya marehemu huvaliwa na mtu wa nyumbani, na jina lake hupewa mtoto. Ndivyo anavyorudi kwetu akatulia. Ninyi mmemtundika juu kama samaki wa kukaushwa, halafu mnampigia makofi. Sasa atashukaje?"

Nikajisemea moyoni, uzee huu jamani. Lakini wiki ileile ndiyo mdundo ulipoanza, na nikajua bibi kasema kweli. Kumshusha kulikuwa ni kumwacha aende, nami sikutaka aende. Mwaka mzima na zaidi nilikunywa chai na mdundo wa mpira, na sikumwambia mtu.

Halafu binti yangu Winnie akaja kujifungulia kwangu. Mume wake, Mayala, anaendesha lori la pamba huko Magu. Mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu, macho yaleyale ya mjomba wake. Wakwe wakampa jina Alexander. Mwezi wa kwanza salama. Mwezi wa pili kilio, mchana kutwa, bila homa, bila kuumwa tumbo. Kwetu mtoto akilia hivyo anaitiwa majina ya waliokufa, mmoja mmoja, na yule atakayemnyamazisha ndiye aliyekuja. Tukampigia bibi Akelo, tukaweka simu karibu na sikio la mtoto. Akaita jina la babu wa mtoto. Kilio. Akaita shangazi wawili wa Winnie. Kilio. Akaita, "Collins."

Kimya.

Nilianza kupiga vigelegele. Winnie akanishika mkono. "Mama, mwangalie."

Mtoto alikuwa ameinua macho darini. Hakupepesa. Ilikuwa saa kumi, na nyuma ya nyumba mpira ulikuwa unadunda.

Tangu siku hiyo, kila saa kumi, mtoto aliachia titi akatazama juu. Mwanzoni dakika chache. Kisha nusu saa. Kisha ikawa hata mdundo ukiisha bado anatazama, na ukimlazimisha kunyonya anatema. Kliniki walimpima kila kipimo. Hana ugonjwa, mama, mnyonyesheni. Kwenye kadi yake ya kliniki mstari wa uzito ulitoka kijani ukaingia kijivu, ukawa unaelekea nyekundu. Winnie akawa anaificha kadi chini ya godoro, kana kwamba tusipoiona mtoto atanenepa.

Bibi Akelo akaniambia kwenye simu, taratibu, neno moja moja: "Amekuja nusu. Nusu nyingine imeshikwa kule juu. Yule hawezi kushuka, basi huyu mdogo atamfuata."

Sasa sikiliza aibu yangu. Nilikaa siku nne. Nilijua la kufanya nikakaa siku nne, natenga vikombe viwili, nasema kesho, kesho. Siku ya tano mtoto alikuwa amepungua gramu mia mbili, na Winnie alikuwa ananitazama kama mtu anayenijua. "Mama," akasema, "na wewe unausikia mpira, sivyo?" Nikatupa kanga begani nikateremka kwa Kashindye.

Kashindye akaandika: mama anaomba jezi ishushwe. Wakajibu kwa huzuni nyingi. Kama mama ameona jezi haionekani vizuri, wataongeza taa. Nikasema, waandikie tena, bwana wee, sitaki taa. Wakajibu kwamba namba hiyo haitavaliwa milele, wameapa mbele ya mashabiki, mama asiwe na wasiwasi, na wanafikiria kuuita mlango mmoja wa ukumbi kwa jina lake. Ajabu ya Mungu! Kila nikiomba mwanangu ashuke, wao wanampandisha. Na hawakuwa watu wabaya. Hilo ndilo lililoniuma, hata wa kumtukana sikuwa naye. Kashindye akaandika mara ya tatu, safari hii akaeleza yote, bibi Akelo, nguo, jina, mtoto. Hawakujibu.

Wiki mbili. Kadi ikaingia nyekundu.

Halafu Alhamisi moja, saa tisa na nusu, Kashindye akapanda mlima wetu huku akihema, na nyuma yake mama wa Kizungu, mnene, miaka sabini na ushei, miguu imevimba, anashikilia mawe ya njiani kwa mikono miwili. Alikuwa na mfuko wa plastiki kifuani. Nikamkaribisha ndani kwa kigoda changu maana kiti kingine hakikuwepo. Alinishika mikono akasema maneno mengi.

"Anaitwa Hannelore," Kashindye akasema. "Ndiye anayefua jezi za klabu, mwaka wa arobaini na moja huu. Barua yetu ya tatu waliisoma mkutanoni, yeye alikuwa anapita na kapu la nguo. Anasema walikunja barua wakaenda kula."

Mama yule akafungua mfuko. Jezi nyeupe, namba kumi na nne.

"Kaitoaje?"

Kashindye akamuuliza, akacheka kidogo kabla ya kutafsiri. "Alimwambia mlinzi wa ukumbi aishushe, ina vumbi, anakwenda kuifua. Anasema, jezi zao amezifua miaka yote hiyo, nani wa kumkatalia? Wamempigia simu jana kuuliza iko wapi. Amewaambia bado haijakauka."

Pamoja na yote yaliyokuwa moyoni nilicheka. Tukacheka wote, wanawake wawili wazee, kila mmoja kwa lugha yake. Kisha akaacha kucheka, akasema jambo refu huku akiigusa jezi. Wale wachemsha chumvi wa mwanzo walikuwa na jezi saba tu. Mwenzao akianguka kwenye sufuria la moto, Jumapili inayofuata mwingine anavaa jezi yake, haijafuliwa, wanacheza. Babu yake Hannelore alicheza na jezi ya mtu aliyemzika Ijumaa. Kutundika juu kumekuja na televisheni, alisema. Yeye hakulipenda jambo hilo kamwe, lakini nani anamsikiliza mfuaji?

Akanionyesha pindo la kushoto. Kulikuwa na doa la kahawia, lenye umbo la kiganja. Wachezaji wale hupaka gundi mikononi ili mpira ushike, na Collins alikuwa na tabia ya kujifuta hapo. Gundi haitoki. Sikuiweka pua yangu pale, nilimpa Winnie jezi haraka, maana ningeiweka nisingeitoa tena.

Winnie akaivaa. Ikamfika magotini. Akakaa kitandani akampakata mtoto, akampa titi.

Saa kumi ikafika. Du.

Hannelore akaweka kikombe chake cha chai chini. Akauliza kitu, Kashindye akakunja uso. "Anauliza ni nani anayerusha mpira hapo nje. Mimi sisikii chochote." Mama yule akainua kidole, akasikiliza, machozi yakaanza kumtoka. "Anasema ni mkono wa kushoto."

Mtoto aliachia titi. Macho darini. Mbavu zake zilikuwa zinahesabika.

Winnie akalia, "Mama, jezi ninayo! Mbona hashuki?"

Nilijua kwa nini. Mimi ndiye niliyetia saini. Mimi ndiye niliyempandisha na mimi ndiye niliyemshikilia, zaidi ya kamba yao ile, kwa vikombe vyangu viwili. Hakuna mwingine wa kusema neno la kumwachia. Nilimtazama mjukuu wangu, nikasikiliza mpira, du, anaudaka, du, anaudaka, na Mungu ananiona, hata dakika ile nilitaka mdundo mmoja zaidi. Mmoja tu.

"Collins," nikasema. "Shuka, baba. Mama amekuruhusu."

Du.

Haukudakwa.

Mtoto akashusha macho. Taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi asizozijua. Akamtazama mama yake, akatazama ule mkono mrefu wa jezi, na vidole vyake vikalikamata pindo la kushoto, pale kwenye doa. Akaanza kunyonya kwa fujo, hadi maziwa yakawa yanamtoka pembeni. Winnie alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Kashindye alitoka nje akajifanya anapiga simu.

Hannelore aliondoka Jumamosi, bila jezi. Wakimuuliza, alisema, atawaambia hali ya hewa ya Salzrode ni mbaya mno, nguo hazikauki kabisa. Mtoto sasa yuko kwenye kijani. Tunamwita Collins, na Mayala hakubisha.

Lakini nataka nikwambie habari za Ijumaa, siku iliyofuata ile Alhamisi. Nilifunika meza yangu Mwaloni saa tisa, miguu ikanileta yenyewe. Nikatenga chai. Vikombe viwili, mkono ulikuwa umezoea. Nikakaa kwenye kigoda mbele ya jiwe. Saa kumi ikafika, ikapita. Saa kumi na nusu. Ndani nilimsikia Winnie akisema, "Mama, kanyonya matiti yote mawili, kalala." Nikasema Mungu ashukuriwe, na nilimaanisha.

Kisha nikaweka kiganja pale kwenye jiwe, pale mpira ulipolisugua miaka yote ile. Lilikuwa na joto la jua. Nikaita, "Collins." Ndani, mtoto akashtuka usingizini, akalia kidogo, Winnie akambembeleza.

Huku nje hakuna aliyenijibu. Siku namzika Shirati watu walisema nimejikaza sana, sikutoa chozi. Kumbe nilikuwa sijamzika. Nilimzika Ijumaa ile, peke yangu, na chai yake ikapoa.