Uji wa Cyril

Mtoto wa miezi kumi na moja, meno sita kinywani, ananyonya usiku kama amezaliwa jana. Chumba changu na cha mkwe wangu Oliva vinatenganishwa na ukuta wa tofali tu, nasikia kila kitu. Cyril analia saa sita, ananyonya. Saa nane, ananyonya. Saa tisa, saa kumi, mpaka jogoo anawika mama mtu bado yumo kunyonyesha. Mwanangu Erasto nilimnyonyesha mwenyewe, na umri huo alikuwa analala fofofo. Nikasema hapa pana jambo.

Na jambo lenyewe watu wazima tunalijua. Mtoto anayenyonya asishibe amebemendwa: mama yake ana mimba nyingine, maziwa yamegeuka maji. Sasa Erasto yuko Mtwara tangu Julai, anapakia magunia ya korosho, na hapa Masasi hajakanyaga. Hiyo mimba ya nani? Nikaanza kumchunguza Oliva. Akila embe bichi, naliweka moyoni. Akitema mate, naliweka. Kila asubuhi anakwenda kukaanga vitumbua kule Mkomaindo, anarudi jua linazama, na akicheka na wateja wanaume habari zinanifikia kabla yake. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Tena mwenyewe ni mtu wa Newala. Sina neno na watu wa Newala, lakini sijui mama yake alimfunza nini. Kila asubuhi kabla ya kwenda kwenye vitumbua alikuwa anampikia Cyril uji, anautia kwenye chupa ya chai, ananiachia nimnyweshe mchana. Siku moja nikachungulia jikoni nikamwona anafungua kijifuko cha nailoni, anachota unga wa kijivu, anakoroga. Sikumwuliza ni unga gani. Mchawi ukimwuliza atakwambia ni chumvi. Nikajisemea, huyu anataka kumfunga mwanangu kupitia kwa mtoto. Alipotoka tu, uji wote nikawamwagia kuku. Wakifa, ninao ushahidi.

Hawakufa. Nikasema labda dawa ya watu haidhuru kuku, na kesho yake nikawapa tena. Mjukuu wangu nikamchemshia chai ya rangi, sukari ya kutosha. Anakunywa, anatulia, analala mgongoni kwangu, hasumbui hata kidogo. Jioni mama yake anakuta chupa tupu, ananiambia asante mama. Ikaenda hivyo miezi miwili.

Mie nampenda yule mtoto. Niliona shingo yake inakuwa nyembamba nikaumia, na kadiri nilivyoumia ndivyo nilivyozidi kumchukia Oliva. Nikampigia simu mjomba wake, mzee Selestini, maana kwao mjomba ndiye mwenye neno. Nikamwambia aje Jumamosi amchukue mpwa wake. Mtoto aachishwe ziwa, abaki kwangu apone.

Alhamisi ilikuwa siku ya kliniki. Nikafuatana na Oliva, nia yangu apimwe mimba mbele ya macho yangu. Muuguzi, binti mdogo mwenye adabu, aliniamkia vizuri, akanisikiliza, akampima. Hana mimba. Kisha akatazama kadi ya mtoto: uzito umeshuka miezi miwili mfululizo. Akatueleza taratibu kwamba mtoto wa umri huu kuamka kunyonya si ajabu, hasa kama mchana mama hashindi naye. Lakini anayenyonya usiku kucha na huku anakonda, huenda mchana hashibi. Akauliza mchana anakula nini.

Oliva akasema, "Uji wa mahindi na karanga, na unga wa dagaa kama mlivyotufundisha. Namwachia mama."

Dagaa! Ule unga wa kijivu. Muuguzi akanigeukia. "Eti bibi, huwa anaumaliza?"

Ningesema pale pale yangeisha. Lakini benchi limejaa akina mama wananitazama, na mie ni mtu mzima, kanisani nakaa mbele.

"Anaumaliza," nikasema.

Basi muuguzi akaandika mtoto arudi Jumatatu, atafutiwe ugonjwa. Njia nzima Oliva alilia. Aliniuliza kama kweli maziwa yake ndiyo mabaya, na mie nikanyamaza, Mungu anisamehe.

Ijumaa nilimpa Cyril uji wake. Alikunywa kikombe kizima, akanyoosha mkono kuitaka chupa, nikamwongeza, akataka tena. Usiku ule aliamka mara mbili tu. Nikalala macho wazi, nikiwaza namna ya kumzuia mjomba asije, na kila namna niliyoiwaza ilitaka niseme ukweli.

Akaja. Mkwe kutoka Newala humpokei kwa mchicha, nikachinja kuku. Oliva mwenyewe alimnyonyoa, akampika, huku begi lake limeshafungwa liko mlangoni. Alituandalia, akakaa pembeni na mtoto kifuani, hakula. Mzee Selestini alimega ugali, akang'ata paja, mafuta yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mama Erasto, kuku wa mjini nawajua, mifupa mitupu. Huyu amenona. Mnawalisha nini?"

Pumba. Neno lilikuwa tayari ulimini. Nikamtazama Cyril, na ile shingo yake.

"Uji wa mjukuu wangu," nikasema.

Mzee akacheka, akadhani utani. Alicheka peke yake.

Oliva akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kila siku, mama?"

"Kila siku. Jana tu ndiyo nilimpa."

Hakunitukana. Angenitukana ningepata la kujibu. Mjomba aliirudisha nyama sahanini, akanawa mikono, akaenda kushika begi. Oliva akamfunga mtoto mgongoni kwa kanga mbili, akachukua kile kijifuko cha unga wa dagaa jikoni, wakaondoka. Kuhusu mtoto kubaki kwangu, hakuna aliyeligusa.

Erasto alipiga simu juzi. Amesema mkewe anakaanga vitumbua huko huko Newala, mtoto yuko naye, ameongezeka kilo nzima na usiku anaamka mara moja. Hakuniuliza hali yangu, na mie sikumlaumu. Leo asubuhi kuku walikusanyika mlangoni pa jiko kama walivyozoea, wakasimama wananingoja.