Jenifa Alivyorudi Kucheza

Jirani yangu Jenifa ni nesi. Ana miaka thelathini na minane, na hapa Sofu, Kibaha, anasifika kwa kuchoma sindano bila kuumiza. Nilidhani namjua vizuri, mpaka Jumamosi moja alipomwagiza fundi Melkiori amletee mlango wa zamani wa mbao. Akaulaza chini uani, akavaa viatu vyeusi vya soli ngumu, akaanza kuugonga kwa miguu.

Nilitoka na mwiko mkononi. Mgongo umenyooka, mikono imeshuka ubavuni wala haitikisiki, lakini kuanzia magotini kwenda chini alikuwa mtu mwingine kabisa. Hazikupita dakika mbili akainama, anahema.

"Ni nini hiyo, dada?"

"Ngoma ya Ireland, Kudra. Niliicheza zamani."

Tukakaa juu ya ule mlango, akanisimulia. Baba yake alipata kazi ya hospitali huko Jenifa akiwa na miaka saba, wakahamia wote. Akajiunga na darasa la ngoma, na alipofika miaka kumi na miwili alikuwa anashindana karibu kila mwezi, mbele ya majaji watatu na kalamu zao. Ndiye aliyekuwa mweusi peke yake ukumbini, kavaa wigi la mawimbi kama wenzake. Vikombe alivipata. Ila akikosea hatua moja, siku hiyo hali chakula. Akiwa na miaka kumi na tisa akashika nafasi ya nne katika shindano alilolifanyia mazoezi mwaka mzima. Akavua viatu, hakucheza tena, hata aliporudi nyumbani.

"Sasa imekuwaje?"

"Kuna mgonjwa wangu wa kiharusi, namfundisha kutembea. Juzi nikawa namhesabia hatua, nikajikuta nahesabu kwa mdundo ule wa zamani na miguu yangu inafuata. Tulicheka sote wawili. Usiku nikajiuliza, kwani nilichukia ngoma, au nilichukia ile namba nne?"

Tangu hapo nilimtazama kila Jumamosi, na nakiri nilimvulia kofia. Kifundo cha mguu kilivimba, akakikanda kwa barafu, wiki iliyofuata akarudi. Miruko ya usichana ilimkataa, akajitungia mifupi. Mimi ningeacha mapema.

Siku moja mama yangu, Bi Mwanahalima, alikuja kutoka Kisarawe kunitembelea. Akamtazama Jenifa kwa muda mrefu.

"Shikamoo mama," Jenifa akasema alipomaliza.

"Marahaba mwanangu. Sasa hiyo mikono umemnyima nani?"

"Ndivyo inavyochezwa, mama."

"Haya. Miguu yenyewe inatosha. Mwezi ujao tunamtoa mwali wetu, ngoma itapigwa. Uje na mlango wako."

Tulikwenda Kisarawe kwa kirikuu, kile kigari cha mizigo, mlango umefungwa kamba nyuma. Mpiga ngoma alikuwa mjomba wangu Jumbe. Alimsikiliza Jenifa akigonga mara mbili, akaitikia kwa kichwa, akaingia naye kwa ngoma.

Mwanzoni Jenifa alicheza uso umekaza, macho mbali, kama bado kuna meza ya majaji mbele yake. Mjomba akaongeza kasi, miguu ikapishana, Jenifa akasimama. Nilimwona anageuka ashuke kwenye mlango.

Mjomba hakuacha kupiga. Alishusha tu sauti ya ngoma, akarudia mdundo uleule.

"Ingia mwanangu," akamwambia. "Ukiwa tayari, ingia."

Jenifa akasikiliza kidogo, akaingia. Safari hii alimtazama mjomba, na mjomba akawa anaitazama miguu yake. Akigonga, mjomba anajibu. Vigelegele vikapigwa. Mama akamfunga kanga kiunoni, na wanawake wakauzunguka mlango wakicheza kwa namna yao. Mikono ya Jenifa ilibaki imenyooka vilevile, lakini alikuwa anacheka wazi, jasho linamtiririka. Sijawahi kumwona mtu mzima amependeza namna ile.

Tukiwa njiani kurudi Kibaha alivua viatu, akaunyoosha mguu uliovimba juu ya mapaja yangu.

"Nimekosea mara tatu," akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja alichokula mchana. Kisha akaniuliza kama kuna maandazi yaliyobaki.

Siku hizi Jumamosi tunakuwa wanne. Firdausi wa duka la dawa ana miguu myepesi, na jirani yetu Margareth analalamikia magoti lakini hakosi. Mimi ndiye mzito kuliko wote. Jenifa ananishika kiwiko, ananihesabia, nami napanda mlango.