Mgeni wa Ghorofa ya Saba

Hakuwa na sanduku la magurudumu. Hakuwa na suti iliyomkaa vizuri, wala meno mawili ya mbele, wala picha za wajukuu za kuwaonyesha watu kwenye simu, kwa kuwa simu yake ilikuwa ya kupiga na kupokea tu. Hakuwa na cheti chochote cha ufundi. Hakuwa na mke wa kumkanyaga mguu chini ya meza pale anapoanza kutia chumvi, maana marehemu aliifanya kazi hiyo kwa uaminifu miaka mingi na hakuacha mrithi. Kitu pekee ambacho hakukosa ni maneno.

Kwa miaka thelathini na moja alikaa kwenye kigoda ndani ya lifti ya jengo la ofisi za serikali, akifunga mlango wa chuma wa kukunja, akibonyeza vitufe na kutangaza ghorofa. Wenzake walimwita Panda-Shuka. Alipostaafu, watoto wake walichanga wakamkatia tiketi ya kwenda kutembea nchi ya watu kwa wiki mbili. Wao walisema ni zawadi. Majirani, waliokwisha kusikia mara kadhaa kisa cha waziri aliyekwama naye kwenye lifti dakika arobaini, walisema ni mapumziko, bila kutaja ya nani.

Siku ya pili tu ugenini, wakati wa chai, mama mwenye nyumba ya wageni alimuuliza alikuwa akifanya kazi gani. Panda-Shuka alikoroga chai polepole, kama mtu anayepima ukweli wa kiasi gani unatosha kwa asubuhi ile, akajibu kwamba yeye ni mhandisi wa lifti. Hakuona kama amedanganya sana. Alikaa ndani ya kitu chenyewe miaka yote hiyo. Waliokisomea walikuja kukitembelea tu.

Kesho yake ukaja mwaliko. Kaka wa mama yule, mshonaji wa mapazia, aliishi na familia yake ghorofa ya saba ya jengo la zamani mtaa wa pili, na angefurahi kumkaribisha Mheshimiwa Mhandisi kwa chakula cha jioni. Panda-Shuka hakushangaa hata kidogo. Siku zote alijua kwamba ipo siku watu wangezinduka. Alipiga pasi shati, akasoma gazeti zima ili asikose la kusema juu ya hali ya dunia, akatoka saa kumi na moja jioni.

Kwenye mlango wa lifti palikuwa na kadibodi iliyoandikwa MBOVU, na wino wenyewe ulikuwa umeshaanza kufifia. Mhandisi aliipita kadibodi ile bila kujiuliza chochote, akapanda ngazi. Ghorofa ya nne alisimama kuangalia mandhari, ingawa palikuwa na ukuta mtupu. Ya saba alifika akihema kama kiriba kinachovuja, akapokewa kifalme.

Meza tatu zilikuwa zimeunganishwa na kufunikwa kwa kitambaa kizito cha pazia, chenye vishikizo vyake bado. Viti vilikuwa vya aina tano, vingine vya majirani. Mshonaji alimpa mkono kwa mikono miwili. Mkewe alimwita Baba. Binti yao, mwalimu wa shule ya msingi, alimwondolea kofia kama anayepokea mtoto mchanga. Na kwenye ncha ya meza alikaa Bibi, mama wa mshonaji, amevaa koti, amefunga kamba za viatu, na mkoba uko mapajani. Panda-Shuka aliguswa. Mtu mzima wa umri ule kujipamba hivyo kwa ajili yake.

Ikaja supu. Akaja samaki mzima, jicho na mkia. Wakaja kuku wawili, kilima cha wali, viazi vya namna mbili, nyama iliyoiva hadi ikakata tamaa na mfupa wake. Kila alipoweka kijiko chini, mke wa mshonaji alisema, "Baba, hujala," na kumjazia tena. Panda-Shuka alisimulia kisa cha waziri. Kwa mara ya kwanza maishani hakukatizwa. Binti pekee aliuliza lifti ile ilikwama kwa sababu gani hasa.

"Mambo ya kitaalamu," alijibu Panda-Shuka, akajifuta midomo.

Mshonaji alimtazama mama yake kwa furaha isiyofichika. Zililetwa keki tatu.

Baada ya keki ya tatu, mshonaji alisimama na kurudi na sinia lililofunikwa kitambaa cheupe. Panda-Shuka alianza kutunga hotuba fupi ya shukrani ya zawadi. Kitambaa kikaondolewa. Chini yake kulikuwa na bisibisi nne, koleo, spana na tochi, vyote vimepakwa mafuta vikang'aa.

Ndipo walipomweleza. Lifti ilikufa miezi minane iliyopita. Fundi aliyekuja aliangalia, akasema imechoka, akaenda zake. Magoti ya Bibi hayawezi ngazi, na mdogo wake, aliye jengo la ng'ambo ya barabara na mgonjwa wa moyo, hawezi kupanda. Kwenye simu hawasikilizani, wote masikio yamekwenda. Wamekuwa wakipungiana leso madirishani. Kubebwa Bibi amekataa kabisa: alisema atabebwa siku moja tu, na siku hiyo hatakuwa na la kusema.

Panda-Shuka alijikaza, akachukua bisibisi, akaongozwa ukumbini penye lifti. Lifti ilikuwa ndugu wa ile yake: mlango wa kukunja uleule, kibao cha shaba kilekile. Alibonyeza. Ikakohoa, ikanyamaza. Alikuna kidevu kwa mpini wa bisibisi. Akabonyeza tena, akasema "Aha," neno ambalo halikumsaidia mtu yeyote. Nyuma yake walikuwa wamemleta Bibi na kiti chake, mkoba mkononi.

"Mwanangu," Bibi aliuliza, "nikae, au nianze kusimama kabisa?"

Panda-Shuka aliishusha bisibisi.

"Kaa, mama," alisema. "Mimi si mhandisi. Nilikuwa nabonyeza vitufe."

Mke wa mshonaji aligeuka taratibu kuelekea mezani, kwenye mifupa.

"Kwa hiyo kuku wangu wawili wameliwa na mbonyeza vitufe," alisema Bibi.

"Ndiyo, mama."

"Na keki."

"Na keki."

Bibi alifungua mkoba, akaufunga. "Na huko kwenu ilipokufa, nani aliifufua?"

Swali hilo lilimuuma kuliko lile neno la kuku. Yupo fundi mmoja, alikiri, aliyeihudumia lifti kama ile hadi leo inatembea. Lakini hawajasalimiana miaka tisa, tangu fundi huyo aliposema mbele ya wafanyakazi wote kwamba lifti ina kamba, mota na breki, na kigoda si sehemu yake. Simu ya Panda-Shuka fundi huyo hapokei.

"Mwandikie."

"Mama, mimi na yule..."

"Mdogo wangu ana miaka themanini na moja," alisema Bibi. "Nyinyi endeleeni kununiana."

Meza ikafutwa, karatasi ikaletwa. Panda-Shuka alichana barua mbili za kwanza, moja kwa sababu ilianza na "Wewe", nyingine kwa sababu ilianza na waziri. Kisha alikumbuka jambo ambalo miaka yote aliliona la kawaida: kila lifti ilipoharibika, fundi yule, kabla ya kugusa chochote, alimuuliza yeye ilisikikaje. Akarudi ukumbini, akabonyeza mara kumi na moja, sikio kwenye chuma, na safari hii hakusema aha.

Aliandika: "Ndugu Fundi, ukibonyeza inakohoa mara moja. Inanyamaza muda wa kuhesabu hadi nne. Halafu inagonga mara mbili, mlio mkavu, juu na si chini. Mlango unafunga vizuri, nimeupima kwenye ghorofa hii. Harufu ya kuungua hakuna. Wewe ndiye unayejua. Mimi nasikia tu. Nakuomba." Neno la mwisho lilimchukua muda mrefu kuliko mengine yote. Binti alitaka kumsahihishia nukta, Bibi akamzuia.

Bibi akaisoma mwenyewe, akaikunja, akaulamba ukingo wa bahasha na kuugandamiza kwa ngumi mpaka vikombe vikalia. Mshonaji akabandika stempu. Panda-Shuka akateremka ngazi zote kwa miguu, samaki na kuku wakimlemea kila hatua, akapita vibanda viwili hadi kwenye sanduku la posta lililo kona, akaitumbukiza barua na kusubiri mpaka aliposikia imegota chini.