Rangi ya Jino la Shangazi

Ukiwauliza ndugu zangu kazi yangu, watakwambia mimi ni daktari wa meno. Ukinibana mimi mwenyewe, nitakiri kwamba meno ninayoyashughulikia yameshaachana na wenyewe. Nayaweka kwenye vikopo vya maji, kwenye rafu za maabara ya chuo. Nayatoboa, nayaziba, kisha napima kama dawa ya kuzibia imeshika na kama rangi yake imekubaliana na ya jino. Ni wagonjwa wazuri mno. Hawachelewi, hawalii, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunikatiza nikiwa naongea.

Naongea sana, hilo niliseme mapema. Mke wangu husema ameolewa na redio iliyong'oka kitufe cha kuzimia. Na kwa bahati mbaya nimepata jambo la kuongelea. Utafiti wangu wa miaka yote ni mmoja tu: jino lililo hai hukaa limelowa mate, na ukimwacha mtu mdomo wazi kwa muda, jino hukauka likawa jeupe kuliko lilivyo. Ukichagua rangi ya dawa wakati huo, umeumia. Kesho yake jino litakuwa limekunywa mate yake na kurudia rangi yake, na kile kiraka chako kitabaki kinang'aa peke yake. Ndiyo maana rangi huchaguliwa kwanza, mgonjwa akiwa ndio kwanza amekaa, kabla hujamwekea hata pamba. Nimeliandikia jambo hilo makala, nimelipigania kwenye mikutano, na wanafunzi wangu wakinikuta kwenye ngazi hunikariria hilo kabla hata ya salamu. Nadhani ni heshima.

Basi huyo ndiye mtu ambaye Shangazi alimletea jino lake.

Shangazi ni dada yake marehemu baba, na ndiye aliyenilea. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mwanamke mwenye kicheko kinachosikika nyumba ya tatu, na mwaka huo alikuwa anastaafu. Shuleni kwao kila mwalimu mkuu anayeondoka hupigwa picha ikatundikwa kwenye ukuta wa ofisi. Waliomtangulia wote wako pale, wanaume watupu, midomo imefungwa, nyuso za watu wanaosubiri kusomewa hukumu. Tangu aipate ile ofisi Shangazi alikuwa akisema, "Mimi sitanuna ukutani. Nitacheka mpaka jino la mwisho lionekane." Watu walidhani anatania. Mimi nilijua hatanii. Hakutaka kukumbukwa kwa uso ambao si wake.

Kisha, kwenye chai ya kumuaga, kifungulio cha soda kikakosekana. Shangazi akawaambia walimu vijana kwamba enzi za rika lake hawakuhitaji kifungulio, akaitia chupa mdomoni. Soda ilifunguka. Jino la mbele nalo likakatika pembe. Nimewahi kuandika kurasa nyingi kuhusu nguvu za meno ya mbele, na hakuna mahali nilipopendekeza soda, lakini Shangazi hasomi makala zangu. Anasema zinamletea usingizi.

Tangu siku hiyo akawa anacheka huku ameziba mdomo kwa kiganja. Kicheko chenyewe kikafupika, kikawa kama kikohozi cha mtu aliye msibani. Alikaa na aibu yake kwa siku kadhaa ndipo akanipigia simu.

"Picha ni kesho," akasema. "Utaweza?"

"Shangazi! Unaniuliza mimi?"

Angejibu ndiyo, nakuuliza wewe, pengine tungepona.

Ningeweza kumpeleka kwa mwenzangu anayetibu watu kila siku. Wazo hilo lilinijia, nikalifukuza. Niliomba chumba kwenye kliniki ya chuo, nikavaa koti jeupe lililopigwa pasi, na kwa kuwa siwezi kufanya jambo bila mashahidi, nikawaita wanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho waje kuona. Nesi wa kliniki, mama mmoja asiye na maneno mengi, alimlaza Shangazi kitini, akamfunga kitambaa kifuani, akaniwekea mezani kadi ya rangi: vijino vya mfano vilivyopangwa mstari, kuanzia cheupe kabisa hadi cha rangi ya chai.

"Rangi, daktari?" akauliza.

"Ngoja kidogo, nesi."

Nikampachika Shangazi kile kipanua midomo cha plastiki, ambacho humfanya mtu yeyote aonekane amepigwa na butwaa. Nikapanga pamba. Nikapuliza hewa. Kisha nikawageukia wanafunzi, na kile kitufe kilichong'oka kikafanya kazi yake.

"Jino hili," nikasema, nikiligonga taratibu kwa mpini wa kile kioo kidogo cha kutazamia meno, "tuseme tumeliacha wazi namna hii. Nini kitatokea?"

Nikaeleza nini kitatokea. Nikaeleza kwa nini kitatokea. Nikasimulia mkutano ambapo bwana mmoja alinibishia mbele ya watu, na jibu nililompa, na jinsi alivyokaa chini. Nikachukua karatasi nikachora jino likiwa limelowa, na pembeni yake jino likiwa limekauka. Wanafunzi wakawa wananitazama mimi, kisha wanalitazama jino, kisha wanatazamana. Nilidhani ni kiu ya elimu.

"Aa," akasema Shangazi. "Aa-a-aa."

"Amefurahi," nikawafafanulia.

"Daktari, rangi," nesi akasema tena.

"Ndiko ninakokwenda."

Nilipofika huko nilikokuwa nakwenda, nikashika kadi, nikasogeza vijino karibu na jino kimoja kimoja, na nikashangaa kwa dhati. "Shangazi, kwa umri wako! Meno meupe hivi!" Nikachagua kijino cha pili kutoka upande wa weupe. Mwanafunzi mmoja akafungua mdomo, akaufunga. Nimewafundisha vizuri sana kutonikatiza.

Kazi yenyewe, nisijionee, niliifanya kwa ustadi. Nilipaka tindikali hafifu ili dawa ishike, nikaosha, nikajaza ule ujiuji wa dawa tabaka kwa tabaka, kila tabaka nikaligandisha kwa taa ya buluu, kisha nikaichonga pembe mpaka ikafanana na ya jino la pili. Nikampa kioo. Hakuna aliyeweza kusema kiraka kimeanzia wapi, maana meno yote ya mbele yalikuwa yamekauka yakawa rangi moja na chokaa. Shangazi akacheka palepale kitini, cheko lake lile la nyumba ya tatu, mikono yote miwili ikiwa mapajani. Wanafunzi wakapiga makofi. Nesi alikuwa anaosha vyombo, ametupa mgongo. Nikarudi nyumbani kichwa kimenivimba, nikamsimulia mke wangu kisa kizima kuanzia kwenye soda, na alipopitiwa na usingizi nikamsimulia mwisho wake akiwa amelala.

Asubuhi simu ikaita. "Njoo," akasema Shangazi, akakata.

Alinifungulia mlango kiganja kiko mdomoni.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Tazama."

Akashusha mkono. Jino lilikuwa limelala usiku kucha kwenye mate yake na limerudia rangi yake, rangi nzuri ya mtu aliyekunywa chai maisha yake yote. Na kwenye pembe yake kulikuwa na kitu cheupe pee, kama kigae kipya kilichobandikwa kwenye sakafu ya zamani. Nilielewa papo hapo. Kama kuna mtu aliyesomeshwa ili aelewe jambo hilo papo hapo, ni mimi.

Mtu mzima hapo angesema kweli. Mimi nilisema, "Itazoea, Shangazi. Dawa ikiwa mpya huwa hivyo. Siku mbili tatu tu."

"Mpiga picha anakuja saa nne."

"Labda tumwombe aje wiki ijayo..."

"Leo mchana nakabidhi ofisi. Walimu wameshaambiwa, na nguo wameshapiga pasi." Akanitazama. Nikajiandaa kusemwa, kwa kuwa kusemwa na Shangazi nimekuzoea tangu utotoni. Badala yake akanipigapiga begani. "Umejitahidi, mwanangu. Nitafunga mdomo, basi. Wenzangu wote walifunga."

Bora angenichapa. Shangazi hajawahi kuniambia kwamba nimejitahidi. Nilipohitimu shahada ya tatu aliuliza mbona imechukua muda mrefu hivyo. Kauli ile ya upole ilinipa woga kuliko hasira yoyote aliyowahi kunionyesha, na njia nzima hadi shuleni, kwa mara ya kwanza tangu nijifunze kuendesha gari, sikusema kitu.

Ofisini walimu walikuwa wamejipanga kando ya ukuta. Mpiga picha, mzee aliyevaa kizibao chenye mifuko mingi, alimkalisha Shangazi kwenye kiti chake, chini ya zile picha za wanaume.

"Tabasamu, mwalimu," akasema.

Shangazi akabana midomo.

"Kidogo tu."

Akabana zaidi. Nikamtazama, kisha nikawatazama wale walio juu yake, na nikaona kwamba tayari amefanana nao. Mwalimu mmoja kijana akamnong'oneza mwenzake, "Si alisema atacheka?" Moyo uliniuma hasa. Mwanamke huyu alinifundisha kusoma kwa kunichekesha, herufi moja kichekesho kimoja, na mimi ndiye niliyemfumba mdomo siku yake ya mwisho ya kazi. Mpiga picha akainamia kamera.

"Si kweli kwamba itazoea," nikasema.

Ofisi nzima ikanigeukia.

"Unasemaje?" akauliza Shangazi, akiongea kwa kipembe cha mdomo.

"Dawa ya jino. Haitazoea. Nilikosea rangi, Shangazi, na asubuhi nikakudanganya kwa sababu niliona aibu."

Akanyoosha mgongo. Nililijua lile jicho, na walimu nao walilijua, kwani wawili watatu walisimama wima bila kuambiwa.

"Ulikoseaje?"

"Jino lilikuwa limekauka nilipochagua rangi."

"Lilikaushwa na nini?"

"Lilikaa wazi muda mrefu."

"Muda huo wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nafundisha."

"Sema kwa sauti, wa nyuma hawasikii."

"Nilikuwa nafundisha!"

"Somo gani?"

Nikatazama viatu vyangu. Koti jeupe sikuwa nalo, lakini nilihisi kama nimevaa kaptula ya shule. "Kwamba jino lisiachwe wazi likakauka kabla ya kuchagua rangi."

Mwalimu mmoja akajifanya anakohoa.

"Hebu ngoja," akasema Shangazi polepole. "Na jino la mfano katika somo hilo lilikuwa la nani?"

"La kwako, Shangazi."

"Na lilipokuwa linakauka, wewe ukawa unawaonyesha jinsi linavyokauka?"

"Nilichora na picha."

Kicheko kilimwanzia mabegani. Nilikiona kikipanda, nikaona anavyopigana nacho, midomo ikitetemeka, mkono wa kulia ukiinuka kuelekea usoni. Ulifika katikati ukaangukia gotini, maana alihitaji mahali pa kujishikia. Kisha kikatoka. Alicheka mpaka kiti kikasogea, alicheka machozi yakamtoka, jino la mwisho likaonekana na la kwanza pia, pamoja na kigae changu. Kila alipotaka kupumua alinioneshea kidole na kusema, "Na picha... akachora na picha!" kisha akaanza upya. Walimu hawakuwa na mbavu tena. Mimi mwenyewe nilicheka huku nikijifuta macho, na sijui hata leo kama yote yaliyokuwa machoni yalikuwa ya kicheko. Kamera ikalia.

Mpiga picha alipotazama alichokipata, akasema, "Hii imetoka safi, mwalimu. Ila hapa kwenye jino kuna kitu cheupe. Nitakifuta kwenye kompyuta, hakuna atakayejua."

"Ukikigusa tutagombana," akasema Shangazi.

Wiki iliyofuata alirudi kliniki. Nesi alinivisha barakoa mbili, moja juu ya nyingine, na kadi ya rangi akaninyooshea Shangazi hajamaliza hata kuegemea. Nikachagua, nikaziba, nikachonga, na neno halikunitoka. Leo ukimtazama Shangazi akicheka huwezi kujua lipi ni jino lake na ipi ni dawa yangu, na mimi mwenyewe hubidi nimulike ndipo nione. Kazi yetu ndivyo ilivyo, ikiwa nzuri haionekani, na sijawahi kupata mtu wa kunipongeza kwa kitu asichokiona.

Kwa hiyo anayetaka kuona kazi ya mikono yangu itabidi aende shuleni, ofisini, atazame picha ya mwisho. Nasikia watoto wakiitwa ofisini kwa makosa yao huitazama hiyo, si zile nyingine, na wapo wanaosahau kulia wakauliza yule bibi anacheka nini. Mwalimu mkuu mpya huweka fimbo kando na kuwasimulia kisa chote, pamoja na jina langu kamili, cheo changu, na chuo ninachofundisha.